Paa Lililoezekwa kwa Mdomo

To. To. To. Hiyo ni ya beseni. Ti, ti, hiyo ni ya sufuria kubwa, na ile nzito ya karibu na mlango ni ya ndoo. Hizo nilishazizoea, nalala nazo kama watu wanavyolala na saa ya ukutani. Lakini usiku ule wa manane nikasikia ya nne, haina mlio, ni kama mtu anagusagusa godoro kwa kidole, pu, pu, nikajua hiyo si ya chombo, hiyo ni ya nguo, na nguo iliyokuwa upande ule ni blanketi la mwanangu wa miezi minne. Niliruka. Nikamtoa, nikambana kifuani, nikakaa naye kwenye kiti cha jikoni mpaka kukapambazuka, kwa sababu jikoni hakuvuji hata tone, sebuleni hakuvuji hata tone, ni chumbani tu, upande wa nyuma, na paa lote, mbele na nyuma, lina miezi miwili tu tangu liezekwe upya.

Mimi ni mwoga, nalisema mapema. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa ngazi, naogopa watu wakinitazama wote kwa mpigo. Na baba mtoto yuko kazini mbali, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Lakini asubuhi mtoto alikohoa mara mbili, kikohozi kidogo kikavu, na mawingu yalikuwa bado yamekaa juu yanangoja, basi nikamfunga mgongoni nikaenda kijiweni kabla sijapata muda wa kufikiri.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, na mbele yake jiko la mkaa na birika. Ni benchi la wanaume. Hakuna aliyeandika popote, lakini sisi wanawake tunapita pale tukijifanya tunasoma simu. Mwenye birika anaitwa Babu Birika, hana jina lingine tunalolijua. Kinyozi ni Redio, maana habari yako unaisikia kwake kabla hujaipata mwenyewe. Pembeni hukaa Waziri, mstaafu, alikuwa tarishi, alibeba mafaili ya wakubwa miaka thelathini na sasa anaongea kama yeye ndiye aliyeyaandika. Na katikati, miguu imenyooshwa mpaka barabarani, hukaa Fundi Spidi, aliyeezeka nyumba yangu kwa siku moja na nusu. Mume wangu alimpata hapohapo. Alikaa, akasema anataka kubadilisha paa, Redio akasema fundi huyu hapa, Waziri akasema mimi namdhamini, wakapeana mikono kabla kahawa haijapoa. Nilipouliza kama kuna nyumba yoyote aliyoezeka twende tukaione kwanza, nikaambiwa kijiweni watu hawaombani vyeti.

— Karibu, shemeji, — alisema Redio kutoka mlangoni, mkasi mkononi, nyuma yake mteja amefunikwa shuka. — Mtoto hajambo?

— Mtoto amelowa.

— Si umbadilishe nepi.

— Amelowa kwa juu.

Walicheka, halafu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Spidi akavuta miguu yake kutoka barabarani.

— Bado inavuja? Si niliwatuma vibarua wakapaka lami?

— Walipaka. Sasa inavuja maji meusi.

— Hilo bati ni jipya, shemeji, — Spidi akasema kwa upole, kama daktari. — Bati jipya lina ugeni. Linataka masika mawili lizoeane na mbao za kenchi.

— Baada ya masika mawili mwanangu atakuwa anatembea.

— Basi si atahama mwenyewe, — alisema Babu Birika, akamimina kahawa.

Hapo moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikahofia mtoto atausikia mgongoni, lakini nilikuwa nimeshafungua kinywa na nikifungua huwa sijui kukifunga, nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba nimekuja kuongea mbele yao wote kwa kuwa kazi alipewa mbele yao wote, na leo, si kesho, fundi apande akarekebishe, la sivyo natafuta fundi mwingine na paa lile nalifumua bati kwa bati, na atakayeniuliza kwa nini nitamwambia kwa nini.

— Fundi mwingine? — Waziri alishtuka kuliko Spidi. — Wa mtaa wa pili? Umfedheheshe mwenzetu hivyo? Kijiwe hiki kitaitwaje?

— Kitaitwa benchi.

Waziri akaomba kikombe. Akiomba kikombe, jua kikao kimefunguliwa.

— Tulitazame jambo lenyewe bila jazba, — alisema. — Paa lina pande mbili. Mbele halivuji, nyuma linavuja. Mabati ni yaleyale, misumari ni ileile, fundi ni yuleyule. Kwa hiyo tatizo si paa.

— Ni nini basi?

— Ni nyuma.

Babu Birika akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na wazo hilo tangu jana.

— Mimi nitawaambieni, — Redio akaingia, mkasi hewani. — Ni malori ya mchanga. Yakipita pale, nyumba inatetemeka, misumari inalegea.

— Barabara iko mbele ya nyumba, — nikamwambia. — Na mbele ndiko hakuvuji.

— Si ndiyo hapo. Mtikisiko unaingilia mbele, unatokea nyuma. Wewe hujawahi kuzabwa kofi? Unapigwa shavuni, kinachouma ni kisogo.

— Aliyekupiga alikosea shavu, — alisema Babu Birika. — Sikiliza, mama mtoto. Mwenye mtoto mchanga anachemsha maji kutwa. Maji ya kuoga, maji ya chupa, maji ya nepi. Mvuke unapanda, unakuta bati la baridi, unarudi chini. Ile si mvua. Ile ni chai yako.

— Babu, jikoni ninakochemshia ni kukavu.

— Mvuke una akili. Hauwezi kudondokea jiko lake wenyewe.

Spidi alikuwa anageuza kikombe vidoleni. Kila nadharia ikitolewa aliipokea kwa macho kama zawadi.

— Nyote mnazunguka, — Waziri akasema. — Haya mambo yanapangwa kiwandani. Bati la siku hizi linatengenezwa lidumu mpaka risiti ipotee. Shemeji, risiti ya mabati unayo?

— Sijui iko wapi.

— Ilipotea lini?

— Labda miezi miwili.

Benchi zima likainamisha vichwa kwa heshima.

— Na ya mbele mbona hayajaharibika? — nikauliza. Nilijua sipaswi kuuliza.

— Ya mbele risiti yake anayo mumeo.

— Mimi nasema ni mnara, — Redio akadakia, sauti imepanda, na mteja wake ametoa kichwa nje ya shuka asikie vizuri. — Ule mnara wa simu wa nyuma kule. Mvua siku hizi hainyeshi ovyo, inafuata mawimbi. Shemeji, unalala na simu?

— Ndiyo.

— Upande upi?

— Upande wa mtoto.

— Haya, — alisema Redio, akarudi dukani kwake kwa utulivu, kama aliyemaliza kesi.

Mtoto akakohoa. Kidogo tu, lakini nilihisi kifua chake kikigonga mgongo wangu, na nikaona mawingu yameshashuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na wale watatu wanabishana kama mawimbi yanapita juu ya ukuta au ndani ya ukuta. Nikakaa. Nilikaa kwenye benchi, kati ya Spidi na Waziri, na mtoto mgongoni. Sijawahi kuona mzee akisogea haraka vile.

— Shemeji, hapa... — Waziri akasema.

— Hapa nimekaa, — nikasema. — Nitakaa mpaka mtu anyanyuke aende juu ya nyumba yangu. Mvua ikinikuta hapa, itanikuta hapa. Hata huku nje sitalowa zaidi ya kule ndani.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, ngazi begani, ndoo ya rangi mkononi, suruali ina madoa ya kila nyumba aliyowahi kupita. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, amehamia juzi chumba cha nyuma ya duka la dawa, kazi yake ni kupaka rangi majumba. Aliegemeza ngazi ukutani, akaomba kahawa, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshakaa, naye akakaa. Benchi likalalamika kwenye tofali lake. Akasikiliza habari za mnara mpaka mwisho, hakucheka. Kisha akamgeukia Spidi.

— Wewe ndiye fundi?

— Ndiye mimi.

— Ulipopanda kuangalia, uliona nini?

Mwanzoni nilifikiri Spidi anapanga maneno. Alitazama ndani ya kikombe. Akatazama ngazi. Akarudi kwenye kikombe.

— Swali hilo, — Waziri akaanza, — linahitaji kwanza tuelewane...

— Sijakuuliza wewe, mzee wangu, samahani. Na wengine, nani kati yenu amepanda? Mmoja tu.

Redio alikata nywele ambazo hazikuwepo. Na mimi, nikiwa pale katikati yao, nikaikumbuka ile siku moja na nusu ya kuezeka, vibarua wawili juu wanapigilia, na Spidi uani mbele ya nyumba, mkono kiunoni, leteni, songa, piga hapo, sogeza kule. Niliwapelekea chai mara nne. Mara zote nne yeye alikuwa chini kuipokea.

— Babu, ongeza kahawa, — Waziri alisema.

— Imekwisha.

— Yote?

Babu Birika akaliinua birika, akaligeuza juu chini mbele yetu. Likatoa tone moja.

Nikasimama. Nikamuuliza yule mpaka rangi kama anaweza kuniazima ngazi, akasema chukua, na mtoto nipe.

— Fundi, twende.

— Na mawingu haya, shemeji? Bati likilowa linateleza. Kesho asubuhi na mapema.

— Usiku wa leo unakuja kabla ya kesho. Mimi naogopa ngazi kuliko kitu chochote, muulize hata mume wangu, taa ikiungua nangoja arudi. Leo natangulia mimi. Wewe ukitaka kubaki chini, baki chini, lakini utabaki mbele ya hawa.

Alinyanyuka. Sidhani alinyanyuka kwa ajili yangu, alinyanyuka kwa sababu Waziri alikuwa anamtazama. Wakatufuata wote, Babu na kigoda chake, Redio na mkasi wake, hata yule mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, wakajipanga uani nyuma ya nyumba kama wamekuja kutoa pole.

Sitawadanganya kwamba nilipanda kwa ushujaa. Nilifunga gauni magotini nikapanda nikiutazama ukuta, matofali tu, tofali, tofali, mpaka tofali likaisha na mikono ikagusa bati baridi, nikatambaa kwa tumbo hadi kwenye kilele, nikakaa mguu huku na mguu huku kama mtu aliyempanda punda. Nyuma yangu nilisikia Spidi anapumua. Alipumua sana kwa mtu wa kazi ile. Alipofika aliikumbatia ile kofia ya bati inayofunika kilele kwa mikono miwili, akafumba macho.

— Fumbua, fundi. Tumekuja kuangalia.

Upande wa mbele ulikuwa safi. Mabati yamepangwa safu tatu, kila bati la juu limelalia la chini yake, kama magamba ya samaki, maji yakianguka yanateleza mpaka chini hayana pa kuingia. Nikageukia nyuma, na hata mimi niliyesomea sekondari na si ujenzi, nikaona. Nyuma, bati la chini ndilo lililolalia la juu. Kila kiungo kimekaa wazi kuelekea kileleni, kama mfuko wa shati. Mvua ikishuka inatiwa mfukoni, na mfuko wa pili umekaa sawasawa juu ya kitanda cha mwanangu.

Spidi alitazama kwa muda mrefu.

— Walianza mbele, — alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. — Walianza chini wakapanda, vizuri kabisa. Walipofika kileleni walitakiwa washuke, waanze tena chini upande wa pili. Hawakushuka. Walivuka tu, wakaendelea kuteremka na mabati, kila bati juu ya lile lililotangulia, kama mtu anayetandika mikeka.

— Na wewe?

— Mimi nilikuwa mbele. Huku sikuona.

— Shemeji, — Redio akaita kutoka chini. — Mmeona nini?

— Tunaona kichwa cha mteja wako, — nikamjibu. — Kamalizie.

— Ni mnara? — aliuliza Waziri.

Nilimuuliza Spidi kwa nini hakupanda, nikamuuliza polepole, na akanijibu akiwa ameitazama ile kofia ya bati, si mimi.

— Miaka mitatu sasa. Nilianguka nikiezeka ghala. Bega lilipona. Lakini tangu siku ile, nikifika kipandio cha tatu cha ngazi miguu inakufa. Leo nimefika kwa sababu nilikuwa natazama visigino vyako tu. Kazi nyingine siijui, shemeji. Nyumbani hawajui. Pale kwenye benchi wananiita Spidi.

Nilimhurumia. Mimi ni nani nisimhurumie mwoga, na mimi mwenyewe hapo nilipo mapaja yalikuwa yameshika bati mpaka yanauma. Lakini nilikumbuka pia lile blanketi, zito, limenyonya maji, na huruma ikakaa pembeni ingoje zamu yake.

— Hofu ni yako, fundi, na mimi nina yangu, tungeweza kukaa nazo hapa tukapiga soga. Lakini ya kwako ulienda kuilaza kitandani kwa mwanangu. Haya mabati yanang'olewa leo.

— Nitawaita vibarua.

— Vibarua ndio walioyaweka. Ng'oa wewe.

Yule mpaka rangi alikuwa ameshamwachia Babu Birika mtoto, akapanda na nyundo na debe la lami waliloliacha vibarua. Spidi akateremka kwa magoti mpaka safu ya chini. Msumari wa kwanza, nyundo iligonga bati mara tatu kabla ya kushika. Wa pili hivyohivyo. Kwenye wa sita au wa saba nikaona mabega yameshuka, na mkono ukaanza kujikumbuka. Alikuwa fundi kweli, nalisema hilo pia. Aling'oa safu ya chini, akang'oa ya kati, sehemu ya juu ya kitanda kwanza, akayarudisha kuanzia chini, la chini likalala kwanza, la kati likalilalia, la juu likafunika, matundu ya zamani akayaziba lami, na misumari akaipiga mgongoni mwa bati, si bondeni ambako maji hupita. Mimi sikushuka. Niliwaambia nasimamia kazi. Ukweli ni kwamba nisingeweza kushuka hata nyumba ingewaka moto.

Mchana wote kijiwe kilikaa uani kwangu. Waziri alieleza kila msumari kabla haujapigwa. Babu Birika alimbeba mtoto, akaenda naye chumbani akasimama kando ya kitanda, na yule mpaka rangi akapandisha ndoo ya maji, akaimwaga yote kileleni kwa mara moja. Maji yalipita chini ya miguu yangu kwa kelele, yakateremka bati hadi bati, yakamwagikia uani na kumlowesha Waziri viatu.

— Babu, — nikaita. — Vipi huko?

Sauti yake ikatoka dirishani, imeshushwa, ya mtu mwenye mtoto mikononi.

— Pakavu. Msipige kelele, amelala.

Nilifunika uso kwa mikono, na kwa kufanya hivyo nikaachia bati, na nilipogundua nimeachia nilipiga yowe, Spidi akanidaka kiwiko. Tukakaa hivyo, yeye amenishika mimi, mimi nimemshika yeye, na sijui nani alikuwa anamzuia nani. Matone ya kwanza ya mvua yenyewe yakaanza kugonga.

— Sasa tuambieni, — Redio alipaza sauti kutoka chini, kitambaa cha kunyolea kichwani. — Tatizo lilikuwa nini?

Spidi hakugeuka.

— Utawaambia? — aliuliza.

— Kesho unarudi kumalizia huku kulikobaki. Wewe mwenyewe.

— Narudi.

— Na kila nyumba utakayopewa pale, unapanda. Kama ni kwa magoti, kwa magoti. Siku nikisikia umesimama uani kwa mtu na mkono kiunoni, nitakuja kukaa kwenye lile benchi tangu asubuhi na nitaongea mpaka birika liishe.

— Napanda, shemeji. Haki ya Mungu.

— Baba mtoto nitamwambia, maana paa ni lake na mtoto ni wake, siwezi kumficha. Nikishamwambia yeye, basi. Simwambii mtu mwingine.